Kuondoa Rangi ya Batiki kwenye Maji kwa Maganda ya Karanga na Vifuu vya Mise

Maji ya rangi yakimwagwa mtaroni Ujiji huelekea Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo mto wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga wa upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakitoki upesi. Mabaki ya mazao yanaweza kuyasafisha maji hayo kabla hayajafika, mradi kwanza ujue rangi yako ni ya aina gani. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Rangi nyingi za ukindu wa mikeka zina chaji chanya ya umeme. Ganda la karanga likilowa huwa na chaji hasi, na chaji tofauti huvutana, kwa hiyo huzinasa bila hata kuchomwa. Rangi za pamba zinazokolezwa kwa chumvi na magadi zina chaji hasi. Ganda bichi huzisukuma, na zinataka mkaa. Zile zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti (unga wa kuyeyushia rangi) zikipata hewa hugeuka chembe zisizoyeyuka. Ziache kwenye pipa wazi hadi kesho yake, ukikoroga mara kwa mara, kisha zichuje kwa kitambaa kizito. Usipoteze mkaa kwa rangi hizi. Na usitie siki kwenye maji yenye haidrosalfaiti: hutoa gesi ya salfa inayobana kifua.

Maganda ya karanga yatwange, yachekeche upate chembe za milimita 1 hivi, na vumbi litupe kwa sababu huziba. Chemsha dakika 30, mwaga maji, rudia mpaka yaache kutoka ya kahawia. Ukiruka hatua hii ganda litatoa rangi yake lenyewe, nawe utadhani halifanyi kazi.

Kwa mkaa, vifuu vilivyobaki baada ya kubangua mise (kokwa za mchikichi) ni bora, maana ni vigumu na havivurugiki majini. Jaza debe la bati lenye kifuniko cha kubana, toboa tundu dogo, liweke kwenye moto mkali hadi moshi wa tunduni uishe. Liache lipoe kabisa bila kulifungua. Hewa ikiingia mapema utabaki na majivu. Twanga, chekecha, kisha osha sana. Majivu hupandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua), na pH ikipanda mkaa hupungukiwa na uwezo wa kushika rangi zenye chaji hasi. Ndiyo sababu maji ya rangi hizo huteremshwa kwanza hadi pH 5 au 6 kwa siki au ndimu, ukipima kwa karatasi ya pH.

Kabla ya kujaza chujio, pima kwenye chupa nne za lita 1: zote zijaze maji ya rangi, moja bila kitu, nyingine gramu 5, 10 na 20 za mkaa au ganda. Tikisa saa 1, acha zituame, zilinganishe mbele ya karatasi nyeupe. Kama hata gramu 20 hazitoshi, maji ni mazito mno; tumia chujio kwa maji ya kusuuzia.

Chujio ni ndoo ya lita 20 yenye koki chini: kokoto sentimita 5, mchanga uliooshwa sentimita 5, kitambaa, halafu mkaa (au ganda) sentimita 20. Koki itoe lita 1 kwa dakika 5, si zaidi. Ukiharakisha, maji hupenya pembeni bila kugusa mkaa. Yakianza kutoka na rangi, badilisha mkaa. Uliotumika usiwe mbolea wala usitupwe karibu na kisima.

Chumvi haiondoki kwa njia hii, kwa hiyo maji yaliyochujwa yatumie kusuuzia vitambaa vingine, si bustanini.