Mto Tana wakati wa vuli: itazameni Bahari ya Hindi kabla ya kupanda mabondeni

Ifikapo Agosti, swali la wakulima wa Garissa, Hola na Garsen huwa lilelile: mwaka huu kuna El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalotuletea mvua? Ni swali zuri ila halitoshi. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kati ya zile kali zaidi kuwahi kupimwa, watu wakajiandaa kwa mafuriko kama ya 1997, na vuli ikapita bila kishindo hicho. Mwaka 2019 Bahari ya Pasifiki ilikuwa karibu na hali yake ya kawaida, lakini Tana ukafurika. Tofauti ilitoka Bahari ya Hindi.

Kwa kawaida hewa hupanda juu ya maji ya moto ya Indonesia, kisha huteremka upande wetu, na hewa inayoteremka haijengi mawingu ya mvua kubwa. Kuna miaka mzunguko huo hudhoofika au hugeuka. Maji ya pwani ya Afrika hupata joto kuliko kawaida, yale ya karibu na Sumatra hupoa, na pepo za mashariki huingia bara zikiwa zimesheheni unyevu. Wataalamu huiita dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Ilitokea 1961, ikatokea tena 2019. Mwaka 1997 na 2023 ilikuja pamoja na El Niño.

Mvua ikizidi kidogo, mto huzidi sana. Udongo wa milima ya Aberdare na Mlima Kenya ukishashiba maji, mvua zinazofuata hazinywewi tena, hukimbilia mtoni. Halafu yapo mabwawa. Masinga likijaa humwaga, na maji hushuka bwawa kwa bwawa hadi Kiambere, kisha Garissa baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana mtu wa Hola hufurikiwa huku anga lake likiwa jeupe. Tangazo la kujaa kwa Masinga lichukuliwe kwa uzito kuliko wingu lolote unaloliona shambani.

Utabiri wa Oktoba hadi Desemba hutolewa na idara ya hali ya hewa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Muulize afisa wa kilimo mambo mawili, Pasifiki ikoje na Bahari ya Hindi ikoje. Bahari zote mbili zikielekea upande wa mvua, shamba la chini kabisa lisipandwe mahindi Oktoba. Hapo panafaa mpunga, tena pale tu maji yanapotuama bila mkondo mkali. Mihogo iliyokomaa ing'olewe mapema, kwa sababu huoza haraka ikikaa majini. Mashine ya maji ihamishiwe juu kabla ya Novemba, na mbegu za msimu ujao zihifadhiwe mbali na ukingo. Watu wengi huokoa mashine na kusahau mbegu, halafu maji yakipungua wanabaki na udongo mzuri mno wasio na cha kupanda ndani yake. Tope hilo jipya ndilo la pojo na kunde: panda ardhi ikiwa bado na unyevu, nazo hukomaa kwa miezi miwili hivi hata mvua ikikatika.

Ishara hii ni ya vuli. Dipoli kwa kawaida huvunjika kufikia Januari, kwa hiyo usiitumie kukisia masika. Na ukisikia mtu akiitabiri mwezi wa Machi, subiri kwanza. Utabiri wa dipoli wa mapema hivyo hukosea mara nyingi.

Miaka ya La Niña, Pasifiki inapopoa, au ya dipoli hasi, kinyume cha ile chanya, kama 2022, hatari hugeuka. Mto hupungua, na huko delta maji ya chumvi hupanda kufuata bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Punguza eneo la kumwagilia, uanze na migomba na miembe michanga, na utandaze nyasi shinani. Kwa mashamba ya karibu na Ozi, onja maji kila mara kabla ya kuwasha mashine, hasa bamvua inapojaa. Yakiwa na ladha ya chumvi, subiri maji ya bahari yatoke, kisha uonje tena.