Kapulingi ya stelingi: hesabu meno kabla ya kutoa hela

Juzi aliingia dereva wa lori la mchanga hapa gereji kwetu Unga Limited, Arusha, ana kapulingi mpya ya stelingi mkononi, kile kiungo cha kuunganisha shafti ya usukani na ya boksi, na haiingii kwenye shafti. Dukani waliuliza gari gani, akataja jina, akapewa. Lori la zamani halinunuliwi spea kwa jina, bwana. Kabini ni ya gari hili, stelingi boksi, lile linalogeuza magurudumu, limetoka kwenye lile. Unachonunulia ni ncha mbili za shafti: ya juu inayotoka kwenye usukani na ya chini inayotoka kwenye boksi.

Kwanza hakikisha kapulingi ndiyo mbovu. Zima injini, mwenzako autikise usukani kidogo kushoto kulia, wewe uwe umeishika kapulingi kwa vidole. Usukani ukitembea na shafti ya boksi imetulia, ugonjwa uko hapo kati. Shafti ikizunguka lakini mkono wa boksi, ule unaosukuma magurudumu, hausogei, boksi ndilo limechoka, hela yako iache mfukoni. Mimi naamini vidole kuliko macho. Krosi, yaani kapulingi ya chuma inayokunjika, ikifa unaisikia inagonga.

Ukishafungua, osha meno ya ncha ya shafti kwa dizeli na brashi. Weka alama kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi palepale. Chaki inafutika na grisi, kwa hiyo natumia rangi ya kucha niliyoomba kwa mama anayetuletea chai. Hesabu mara mbili, halafu pima unene wa shafti kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Usiridhike na kimoja: magari ya zamani ya Kimarekani yana shafti za robo tatu ya inchi, milimita 19 na kidogo, zenye meno 36 na nyingine zenye 30. Kwa macho ni mapacha. Huna venia? Kandamiza kipande cha sabuni ya mche kwenye ncha ya shafti, kitoke na chapa ya meno, uende nacho dukani. Ncha ya juu nayo ipimwe, maana si lazima ifanane na ya chini. Nyingine haina meno, imechongwa bapa pande mbili.

Mpira au krosi? Ya mpira inameza mtetemo wa pampu na mashimo ya barabarani, ila inataka shafti zilizonyooka, na mafuta ya pawa, yale yanayoulainisha usukani, yakivuja juu yake inavimba na kuoza. Ziba uvujaji kwanza. Ya mpira iliyotumika sinunui hata nikipewa bure. Shafti ikishuka kwa kona, weka krosi, kama ya propela ila ndogo. Krosi moja isivuke kona ya nyuzi 30 hivi. Zikiwa mbili, uma zinazoshika krosi kwenye ncha mbili za shafti ya kati zikae mstari mmoja, la sivyo usukani utakuwa mzito, mwepesi, mzito, katika mzunguko mmoja. Zikiwa tatu, shafti inahitaji beringi ya kuishikilia.

Kufunga ndiko kuliniadhibu ujanani. Kapulingi ilikuwa inabana, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikakaa. Kuwasha injini, usukani ukaanza kuvuta kushoto wenyewe! Shafti ya juu ilikuwa inaikandamiza ya boksi, na ndani ya boksi la pawa kuna vali inayohisi mguso mdogo sana. Nikalegeza, nikavuta kapulingi juu kidogo, ikatulia, lakini sili ilishaumia na mafuta yakavuja wiki ile ile. Tangu hapo, isiyoingia kwa mkono inarudi dukani. Bolti yake lazima ipite kwenye mfereji wa shafti. Ikikaa pembeni ya mfereji, ipo siku kapulingi itachomoka. Nati iwe mpya, ya kujifunga. Na mtu asikuletee mashine ya kuchomelea karibu na hapo.

Kabla ya kutoka, zungusha mpaka mwisho kushoto na kulia injini ikiwaka, uone kapulingi haigusi bomba la ekzosi wala mipira ya mafuta. Kama kabini ni ya kuinamia, inamishe: shafti inatakiwa irefuke na kurudi bila kukwama. Halafu nenda Kisongo urudi, ukaze tena.

Yule dereva nilimrudisha dukani na kipande cha sabuni. Muuzaji alicheka, akakigeuza-geuza, akaenda kutoa kapulingi nyingine kabisa.