Kabla hujainukuu makala, ikague hivi

Nakaa dawati la marejeo kwenye maktaba ya chuo, Mwanza, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Madam, hii jarida ni nzuri?" Siku hizi silijibu. Namvutia mwanafunzi kiti, tunafungua makala yenyewe, tunaikagua pamoja. Jina la jarida linasema machache sana siku hizi, na nitaeleza kwa nini.

Ukaguzi kamili unakula kama nusu saa kwa makala moja, na si kila rejea inastahili nusu saa. Zipe muda huo zile zinazobeba hoja yako: makala uliyochukua dozi ya dawa kutoka kwake, makala unayoiga mbinu yake, hizo chache zinazoingia kwenye jedwali la mapitio. Zile za kupamba utangulizi, hatua ya kwanza inazitosha.

Anza na namba ya DOI, achana na faili ulilonalo

Makala nyingi zinamfikia mwanafunzi kupitia kundi la WhatsApp, flashi ya mwenzake, au folda iliyorithiwa kutoka kwa waliomaliza mwaka jana. Faili la PDF likishapakuliwa halipati tena habari. Makala ikibatilishwa leo, yaani ikitangazwa kwamba haifai tena kutegemewa, nakala iliyoko kwenye simu yako inabaki safi kama ilivyokuwa, na utainukuu kwa raha zako mbele ya mtahini aliyekwisha kuona tangazo.

Kwa hiyo nakili namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, iliyo ukurasa wa kwanza, ibandike kwenye kivinjari, ufike ukurasa wa mchapishaji. Kama makala imebatilishwa, neno RETRACTED huandikwa kwenye kichwa au kwenye bango lililo juu yake. Wachapishaji wengine hulificha mahali pa ajabu, kwa hiyo usiishie hapo. Tafuta kichwa cha makala kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala zilizobatilishwa; hifadhidata hiyo tangu Septemba 2023 iko mikononi mwa Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, na haina malipo. Kisha tafuta kwenye PubPeer, ambako wanasayansi huacha maoni juu ya makala zilizokwisha kuchapishwa, mara nyingi miaka kabla mhariri hajachukua hatua. Ukitumia programu ya Zotero kupanga rejea zako, yenyewe hukuonya makala iliyobatilishwa ikiwamo kwenye mkusanyiko wako. Hiyo peke yake ni sababu ya kuacha kuandika rejea kwa mkono.

Anayedhani mambo haya ni ya majarida ya vichochoroni akumbuke Mei 2020. Tarehe 22 mwezi huo The Lancet lilichapa utafiti juu ya dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa UVIKO-19: wagonjwa zaidi ya 96,000, hospitali 671, mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Takwimu zote zilitoka kwa kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere, na ilipotakiwa izitoe zikaguliwe, haikuzitoa. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne waliiondoa makala.

Kilichowashtua wakosoaji mojawapo kilikuwa Afrika. Waliandika barua ya wazi wakionesha kwamba, kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa bara zima na asilimia 40 ya vifo vilitokea kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Muuguzi yeyote aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa kwenye kabati la hospitali ya mkoa angewaambia wahariri wa London kwamba hapo pana jambo. Ndiyo maana nasisitiza: unaposoma makala inayodai kuzungumzia kwetu, ujuzi wako wa kwetu ni chombo cha ukaguzi. Utumie.

Jarida lenyewe

Hapa sikai sana. Orodha maarufu ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, ilifungwa Januari 2017. Nakala zinazozunguka hadi leo zimepitwa na wakati au zimeongezewa na watu wasiojulikana. Badala ya kutafuta orodha ya wabaya, tafuta kama jarida limo kwenye orodha zenye masharti: DOAJ kwa majarida ya wazi, yaani yanayosomwa na yeyote bila malipo, African Journals Online kwa majarida ya bara hili. Linganisha namba ya ISSN, yaani namba ya kulitambulisha jarida, na anwani ya tovuti. Kuna matapeli wanaolichukua jarida halali, hasa la chuo kidogo lisilo na tovuti imara, wakatengeneza tovuti pacha yenye jina lilelile na ISSN ileile, wakaanza kupokea ada za kuchapa. Mtafiti Anna Abalkina ana orodha ya majarida yaliyotekwa hivyo, na iko kwenye tovuti ya Retraction Watch.

Barua pepe inayokuita "Profesa mtukufu" wakati uko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, ikiahidi kuchapa ndani ya siku tatu, haihitaji ukaguzi. Ifute.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari wa jarida Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304. Makosa yake yalikuwa ya wazi makusudi. Majarida 157 yaliikubali. Waandishi na taasisi alizobuni zilidaiwa kuwa za Afrika, na baadhi ya majina ya vyuo hivyo hewa aliyaunda kwa kuchanganya maneno ya Kiswahili na miji mikuu ya bara. Nilicheka niliposoma, kisha nikanuna kidogo.

Kwa nini jarida zuri si kinga

Wachapishaji wa Hindawi, wenye mamia ya majarida ya wazi, walinunuliwa na Wiley mwaka 2021. Majarida yao mengi yalikuwa kwenye orodha zote tulizokuwa tukiwaelekeza wanafunzi. Mwaka 2023 pekee zaidi ya makala 8,000 za Hindawi zilibatilishwa, na hizo ndizo zilizofanya jumla ya dunia ivuke 10,000 mwaka huo. Jina la Hindawi limeachwa kutumika.

Mlango waliopitia matapeli ulikuwa toleo maalumu. Jarida humwalika mhariri mgeni asimamie toleo lenye mada moja. Mhariri mgeni huchagua wahakiki, wataalamu wa kuipima makala kabla haijachapwa. Viwanda vya makala, yaani biashara za kuandika tafiti za uongo na kuuza nafasi ya mwandishi, viliingiza watu wao kama wahariri wageni, nao wakawapa watu wao kazi ya uhakiki. Mzunguko ukafungwa.

Kwa hiyo makala ikiwa ya toleo maalumu, angalia mambo haya. Mada ya toleo inahusiana na jarida? Nimeona makala ya kufundisha muziki ikiwa imekaa ndani ya toleo la mitandao ya simu. Tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa zimepishana kiasi gani? Kisha shuka kwenye rejea: kama makala ya kilimo cha mpunga inanukuu mafungu ya tafiti za betri na uchumi wa utalii, huenda kuna mtu amelipia anukuliwe. Hii ya rejea ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu ni vigumu kuificha.

Soma lugha, lakini kwa haki

Viwanda hukwepa programu za kugundua wizi wa maandishi kwa kupitisha maandishi ya watu kwenye programu ya kubadili maneno. Programu haijui istilahi, inabadili kila kitu. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionesha makala ambamo "artificial intelligence" imekuwa "counterfeit consciousness" na "breast cancer" imekuwa "bosom peril". Kuna nyingine, "vegetative electron microscopy", hadubini isiyokuwapo duniani. Chanzo kimoja kinachotajwa ni makala ya miaka ya 1950 iliyochapwa kwa safu mbili, kompyuta ikasoma mstari moja kwa moja kutoka safu ya kushoto hadi ya kulia. Leo tafuta pia mabaki ya akili mnemba: maneno "Regenerate response" yaliwahi kukutwa katikati ya makala iliyochapwa, nayo ni maandishi ya kitufe cha ChatGPT, yaliyonakiliwa pamoja na jibu lake.

Sasa haki yenyewe. Kiingereza kibovu si ushahidi wa udanganyifu. Wengi wetu tulijifunza Kiingereza darasani, na mtafiti mwaminifu wa Kigoma anaweza kukosea viambishi vya wakati ukurasa mzima. Lakini hatakosea jina la kitu anachokishika kila siku maabara. Tazama istilahi, samehe sarufi.

Chukua kikokotoo

Hapa wanafunzi hukimbia, nami hapa ndipo ninapowashika.

Nick Brown na James Heathers walibuni kipimo rahisi kinachoitwa GRIM, nacho kinahitaji simu tu. Tuseme jedwali linasema wakulima 25 walichagua namba kati ya 1 na 5, na wastani ni 3.47. Kila mkulima alitoa namba nzima, kwa hiyo jumla lazima iwe namba nzima. Zidisha 3.47 kwa 25: unapata 86.75. Jumla ya 86 ingetoa wastani wa 3.44, jumla ya 87 ingetoa 3.48. Hakuna jumla inayotoa 3.47.

Usipige kelele bado. Huenda baadhi hawakujibu swali hilo. Shuka mmoja mmoja: 24 haitoi, 23 haitoi, na idadi ya kwanza inayokubali 3.47 ni 19. Kwa hiyo ama wakulima sita wamepotea bila maelezo, ama kuna kosa la uchapaji, ama namba imebuniwa. Wastani mmoja mbaya ni kosa la mtu. Ukikuta nusu ya jedwali haiwezekani, iondoe makala kwenye hoja yako. Kipimo hiki ni kwa namba nzima na sampuli ndogo. Sampuli ikifika 100 na wastani ukiwa na desimali mbili, hakikusaidii tena.

Kisha omba takwimu ghafi. John Carlisle, daktari wa usingizi wa Uingereza, alichunguza majaribio ya tiba yaliyotumwa kwa jarida la Anaesthesia kati ya 2017 na 2020. Alipopata takwimu za mgonjwa mmoja mmoja, aliona data za uongo kwenye asilimia 44 ya majaribio. Alipokuwa na majedwali ya muhtasari tu, aliziona kwenye asilimia 2. Ufisadi mwingi haukai kwenye jedwali lililonyooshwa. Unakaa chini yake.

Usidhani kazi hii ni ya madaktari wakubwa. Makala ya awali (preprint, ambayo bado haijahakikiwa) kutoka Misri iliyosifu dawa ya ivermectin kwa UVIKO-19 iliangushwa na Jack Lawrence, mwanafunzi wa uzamili London. Alianza kwa kugundua kuwa sehemu za utangulizi zimenakiliwa kwingine. Akalitafuta faili la takwimu. Lilikuwa na nywila, akajaribu 1234, likafunguka. Ndani kulikuwa na wagonjwa waliorudiwa na wengine waliokufa kabla utafiti haujaanza. Makala iliondolewa Julai 2021.

Picha nazipitia haraka kwa sababu si kila fani inazo. Zikuze kwenye skrini, tafuta doa au mstari uliojirudia, ikiwamo picha iliyogeuzwa kichwa chini. Elisabeth Bik na wenzake walipitia makala 20,621 kwa macho na kukuta picha zenye matatizo kwenye karibu asilimia 4.

Ukiona jambo

Usiandike "wezi" kwenye kundi la darasa. Andika ulichoona: ukurasa, jedwali, hesabu, tarehe. Mpelekee msimamizi wako kwanza, hasa kama makala aliipendekeza yeye. Mpe nafasi ya kuiona kwa macho yake, kwa heshima. Mkikubaliana, mwandikieni mhariri, na unaweza kuweka hesabu zako PubPeer bila kutaja jina. Jibu linaweza kuchelewa mno. Makala ya Wakefield ya chanjo na usonji, iliyochapwa 1998 kwa watoto 12, ilibatilishwa 2010.

Kwenye mapitio ya tafiti, fanya uchambuzi mara mbili, ukiwa na makala yenye mashaka na bila hiyo, na uoneshe matokeo yote mawili. Kama matokeo yanapinduka kwa kuondoa makala moja, hilo ndilo jambo la kuandika kwenye mjadala wako.

Na tangazo la Telegram linalokuuzia nafasi ya mwandishi wa kwanza, najua linakufikia. Najua pia chuo kinakudai chapisho kabla ya joho, na wahadhiri wanapandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala. Mfumo huo ndio unaolisha viwanda hivi, na naulaumu wazi. Lakini jina lako litabaki kwenye hifadhidata ya waliobatilishwa hata baada ya chuo kusahau kwamba kilikudai.

Andika tarehe uliyokagua kila makala muhimu, kwenye sehemu ya maelezo ya Zotero. Wiki ya kukabidhi tasnifu, rudia hatua ya kwanza kwa orodha nzima ya rejea. Kati ya pendekezo la utafiti na utetezi hupita miaka miwili mitatu, na makala iliyokuwa hai ulipoanza inaweza kuwa imeshabatilishwa.