Somo: Kutoa antioksidanti kwenye rosela (someni kabla ya kunitumia ujumbe)

Kila muhula swali ni lile lile: antioksidanti (kemikali zinazozuia uharibifu wa oksijeni) za rosela hutolewaje na kupimwaje? Naliweka hapa, yaishe.

1. Nunua rosela kavu (hibiskasi nyekundu ya chai), saga, chekecha.

2. Loweka gramu 10 katika mililita 100 za etanoli ya asilimia 70, yenye asidi ya sitriki kidogo. Gizani, usiku kucha. Chuja, hicho ndicho kiziduo.

3. Ondoa etanoli kwa mashine ya ombwe, chini ya nyuzi 40. Ukiona ukahawia, anthosianini (rangi nyekundu za rosela) zimeungua.

4. Pitisha kwenye safu ya resini XAD-7 (chembe za plastiki zinazonasa anthosianini). Maji yenye asidi huosha sukari; kisha mimina etanoli yenye asidi, na mkanda mwekundu wa damu ya mzee utashuka taratibu. Kinga huo tu.

5. DPPH. Ripoti nyingi hufia hapa. DPPH, kemikali ya kujaribia antioksidanti, ni zambarau, husomwa nanomita 517, na antioksidanti huififisha iwe manjano. Lakini anthosianini nazo hufyonza mwanga karibu na 520! Mashine ya kupima mwanga (spektrofotomita) haitofautishi wekundu wa rosela na zambarau iliyobaki, kwa hiyo kiziduo kikali kitaonekana dhaifu. Andaa kiveti (kichupa cha kupimia) cha pili: kiziduo kile kile, kiasi kile kile, methanoli tupu badala ya DPPH. Usomaji wake utoe kwenye ule wa kiveti cha kwanza. Acha mchanganyiko gizani dakika 30 kabla ya kusoma, linganisha na vitamini C, na zimua mara kadhaa upate IC50 (kiasi kinachofifisha nusu ya DPPH). Asilimia ya kipimo kimoja pekee haisemi kitu.

6. HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali): tarajia vilele viwili vikubwa, anthosianini za delfinidini na sianidini, zote zikiwa na sukari ya sambubiosi.

MASWALI

Njoro: Spiriti ya dukani inafaa?
— Haifai. Mara nyingi imetiwa rangi.

Maseno: Mkuu, nimepata asilimia hasi. Spektrofotomita imekufa?
— Nzima kabisa. Hatua ya 5, ndugu, isome yote.

Kakamega: Samahani mwalimu, mbona asidi? Nilidondoshea musherekha (maji ya jivu, yenye magadi), wekundu ukapotea.
— Umeona vyema, dada. Anthosianini hubadilika kwa pH: kwenye 1.0 ni nyekundu, kwenye 4.5 karibu hazina rangi, kwenye magadi hugeuka na kuharibika. Tumia hilo kuzipima: gawa kiziduo kwenye bafa mbili (miyeyusho yenye pH isiyoyumba), ya 1.0 na ya 4.5, soma nanomita 520 na 700 kwa kila moja, tofauti ikupe kiasi. 700 ni ya kuondoa ukungu.

Kisumu: Na maua ya maboga?
— Manjano yake ni karotenoidi, maji hayaziyeyushi. Tumia asetoni, chupa uizungushie foili.