Miguu ikivimba, ulizia albumini

Mguu wa bibi ukivimba usikimbilie vidonge vya kukojoa vya jirani, hata kama yeye vilimfaa. Mkalishe barazani, bonyeza kwa dole gumba mbele ya muundi pale penye mfupa, hesabu taratibu mpaka kumi, achia. Kishimo kikibaki, maji yametoka kwenye mishipa midogo ya damu yakajaa nyamani.

Sasa albumini ni protini inayotengenezwa na ini, mtu mzima huwa nayo kama gramu 35 hadi 50 kwa lita ya majimaji ya damu, inavuta maji yabaki ndani ya mshipa na pia inajishikiza kwenye ule utando laini wa ndani unaozuia kuvuja, kwa hivyo ikishuka sana maji yanatoka kirahisi.

Angalia na mkojo. Povu jingi lisiloisha, tena macho yamevimba asubuhi, hapo figo huenda zinaimwaga albumini kwenye mkojo, na vyakula vya protini kama mayai na mbaazi za nazi pekee havitaziba huko kuvuja.

Hospitali omba kipimo cha albumini ya damu, protini ya mkojo, ini na figo, na moyo usisahauliwe maana nao huvimbisha miguu albumini ikiwa sawa kabisa.

Mguu mmoja tu, unauma na una moto? Au pumzi zinakata? Usingoje kesho, kimbilia hospitali sasa hivi, hata kwa boti.