Pilau ya Kuku ya Krismasi kwa Watu Wawili, Kipimo cha Mbeya

Kosa la kwanza la anayepikia sikukuu watu wawili ni kuchukua kipimo cha pilau ya ukoo mzima, kilo mbili za mchele, akakigawa. Mchele unagawanyika na nyama inagawanyika. Maji na moto havigawanyiki. Mvuke hutokea mdomoni mwa sufuria, na sufuria ndogo ina mdomo mpana ukilinganisha na wali uliomo. Ukigawa maji sawasawa na mchele, yanakauka kabla wali haujaiva.

Mbeya nayo ina lake. Mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Yanatokota vilevile, ila joto lake ni pungufu. Anayepika mchele huohuo Kyela, chini karibu na Ziwa Nyasa, anamaliza mapema kuliko wewe. Kwa hiyo dakika ulizoambiwa na dada wa Dar es Salaam ziongezee, hasa kwa kuku wa kienyeji.

Tafuta sufuria ya lita mbili, mdomo wa sentimita 18 hadi 20, yenye kitako kizito na mfuniko unaokaa. Ndani yake: mchele wa Kyela kikombe kimoja na nusu (kikombe cha robo lita, ni gramu 300 hivi), supu ya kuku vikombe viwili na nusu, vitunguu maji viwili vya wastani, viazi mviringo viwili vidogo, mafuta vijiko vikubwa vitatu, vitunguu saumu punje nne, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Viungo: binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili manga punje sita, iliki tatu zilizopasuliwa, mdalasini kipande cha nusu kidole, karafuu tatu. Karafuu zisizidi tatu. Katika sufuria kubwa moja ya ziada inapotea. Hapa wali wote utanukia dawa ya meno.

Kuku wa kienyeji anauzwa mzima, ukienda soko la Mwanjelwa au kwa jirani, kwa hiyo mchemshe mzima na mpike nusu. Mkate vipande, tia kwenye sufuria nyingine kubwa, weka maji vikombe saba, chumvi na nusu ya tangawizi, funika. Tetea mchanga ataiva kwa saa moja na robo. Jogoo mzee mpe saa mbili, na usimwonee haya kwa kumchoma uma kila mara. Kwenye sufuria ya presha hesabu dakika 30 hadi 40 tangu ianze kupiga filimbi. Mapaja mawili na mgongo viende kwenye pilau, na firigisi mtajuana wenyewe. Kidari na mabawa weka kwenye friji. Kama hakuna, vikaangeni viliwe jioni hiyohiyo. Baridi ya Mbeya isiwadanganye mkaviacha mezani hadi kesho.

Osha mchele taratibu, maji matatu, uuchuje dakika 20. Usiuloweke. Mchele wa Kyela ni laini, na ukilowa kisha ukakorogwa unakatika chenga.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo pilau inapopata rangi. Vikate vyembamba, vikaange moto wa wastani dakika 10 hadi 12. Vikiwa vichache huwa vinaungua ghafla: ukiona kingo zimekuwa kahawia na katikati bado peupe, nyunyiza kijiko cha supu, koroga, endelea. Vyote viwe kahawia ya chai ya rangi, visifike weusi. Tia saumu na tangawizi iliyobaki, kisha viungo, dakika moja tu. Halafu viazi na kuku vigeuke rangi. Mimina supu ikiwa ya moto. Ikichemka, onja: chumvi izidi kidogo, kwa sababu mchele utaivuta.

Tia mchele, koroga mara moja, funika, moto mkali. Baada ya dakika saba au nane supu itazama na juu vitaonekana vitundu vitundu. Hapo tandaza jani la mgomba juu ya wali, ulibabue kwanza motoni mpaka ling'ae na kulainika, la sivyo litapasuka. Jani linaziba mvuke kuliko mfuniko peke yake. Funika, punguza mkaa chini ubaki vipande vinne, vingine palia juu ya mfuniko. Dakika 25 bila kufunua. Mkaa wa Desemba mara nyingi una unyevu wa mvua. Uanike jikoni tangu jana yake, maana ukipaliwa mbichi unazimika juu na chini panaungua. Kwa jiko la gesi, weka kikaango kikavu kati ya moto na sufuria, gesi chini kabisa.

Ukifunua ukakuta kiini, nyunyiza vijiko vinne vya supu inayochemka, rudisha jani, dakika 10 nyingine. Umekuwa bokoboko? Ondoa jani, acha wazi kwenye joto dogo, usiukoroge. Ukoko mwembamba si kosa, hata unagombewa. Ukinuka moshi, hamisha wali wa juu upesi kwenye bakuli, wala usikwangue chini.

Acha pilau itulie dakika 10. Muda huo unatosha kachumbari: nyanya mbili, kitunguu kimoja kilichooshwa kwa chumvi, limau nusu, pilipili. Parachichi la Rungwe likatwe la mwisho kabisa, mkiwa mmeshanawa, na limau juu yake, maana likikaa wazi linageuka jeusi.