Kabla mtoto hajatolewa tonsi na nyama za pua: mambo ya kuzingatia

Kabla ya kumpeleka mtoto anayekoroma kwa daktari wa masikio, pua na koo, mrekodi akiwa amelala. Washa taa, mfunue kifua, weka simu mahali ambapo mdomo na kifua vinaonekana pamoja, uiache irekodi dakika mbili tatu. Alfajiri ndiyo wakati mzuri zaidi, kwa sababu pumzi hukatika zaidi katika usingizi wa ndoto, na usingizi huo huwa mwingi kuelekea asubuhi. Daktari atamwona saa nne, mtoto yuko macho, anarukaruka kwenye benchi la wagonjwa. Akimfungua mdomo ataona tonsi kubwa, lakini ukubwa peke yake haumwambii mengi. Kuna watoto ambao tonsi zao zinakaribia kugusana na wanalala kimya, na kuna wenye tonsi za wastani wanaohangaika na hewa usiku kucha. Nyama za pua (adenoidi) ndizo hazionekani kabisa kwa njia hiyo: zimejificha nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, na kuziona kunahitaji kamera nyembamba ya kupitisha puani au picha ya eksirei iliyopigwa kwa ubavu. Kipimo chenyewe cha usingizi, cha kumlaza mtoto usiku mzima akiwa na vihisio mwilini, ni adimu katika hospitali zetu. Kwa wazazi wengi, video ndiyo ushahidi pekee.

Ukiitazama video hiyo, usihesabu makoromo. Tafuta kimya: kifua kinaendelea kupanda na kushuka lakini hewa haipiti, sekunde zinakwenda, halafu mtoto anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama aliyekuwa amekabwa. Angalia kama ngozi inabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, kama analala shingo ameikunja nyuma, kama mto umelowa jasho. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, hilo nalo litaje. Dalili za mchana huwa zinawapotosha watu. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia, ila mtoto mara nyingi huwa hatulii, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mtundu. Akiweka televisheni kwa sauti ya juu au ukimwita mara tatu ndipo aitike, omba apimwe masikio pia, kwa sababu nyama za pua zilizovimba huziba mrija unaopeleka hewa kwenye sikio la kati, na maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Hayaumi, kwa hiyo mtoto halalamiki, na unaweza kumlaumu miezi mingi kwa ukaidi kumbe hasikii.

Kama shida yenu ni koo linalouma mara kwa mara, unachohitaji ni daftari. Andika tarehe, joto la mwili, kama tonsi zilikuwa na usaha, na dawa aliyopewa. Kigezo wanachokitumia madaktari wengi duniani ni mashambulizi 7 ndani ya mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na yawe ya mafindofindo kweli, si mafua ya kawaida. Bila maandishi, mzazi husema "kila mwezi anaumwa", na daktari hawezi kuamua kwa kauli hiyo. Hapo hapo niseme la moyo: koo la bakteria aina ya streptokoki lisipotibiwa sawasawa linaweza kuleta homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo, na ugonjwa huo bado uko kwetu. Kwa hiyo dozi ya antibiotiki ya siku 10 imalizwe, hata kama siku ya tatu mtoto ameshaanza kucheza mpira.

Upasuaji haupaswi kuwa hatua ya kwanza kwa kila mtoto. Nyama za pua hukua tangu utotoni, huziba zaidi kati ya miaka 2 na 7 hivi, kisha husinyaa zenyewe na kufikia ujana nyingi hazisumbui. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wakikatika pumzi usingizini bila kushuka sana kwa oksijeni. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri tu. Mimi naisoma hivi: upasuaji unafanya kazi, ila kwa mtoto ambaye hali yake si mbaya kuna muda wa kujaribu mengine. Jaribu hilo liwe la kweli. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ya kupunguza uvimbe, inahitaji wiki kadhaa kila siku. Kuipuliza siku tano halafu kusema imeshindwa si jaribio. Osha pua kwanza kwa maji ya chumvi ya dukani, kisha elekeza ncha ya dawa upande wa sikio, si katikati ya pua. Matone ya kuzibua pua haraka yasizidi siku chache, maana yakizoeleka pua huziba zaidi. Mtoto akiandikiwa montelukasti, dawa ya mzio na pumu, fahamu kwamba tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo kali kuhusu ndoto mbaya na mabadiliko ya tabia, kwa hiyo mwangalie. Ondoa moshi anakolala: jiko la mkaa, sigara ya mjomba, udi, dawa ya mbu ya kuchoma.

Na kimeo kisikatwe. Bado kuna majirani watakaokuambia kikohozi na makoromo ni kimeo kirefu, na fundi yuko mtaa wa pili. Kimeo hakihusiki na nyama za pua, na wembe wa fundi umewaletea watoto damu isiyokoma, pepopunda na maambukizi mengine. Kwa hilo sina maneno ya upole.

Mkishakubaliana na daktari kwamba mtoto atapasuliwa, kazi yako kubwa ni historia ya damu. Je, alipotahiriwa au kung'oka jino damu ilichelewa kukata? Anatokwa damu puani mara kwa mara? Kuna ndugu wa baba au wa mama aliyewahi kuvuja damu sana akijifungua au akifanyiwa upasuaji? Majibu haya mara nyingi yanafichua zaidi ya vipimo vya maabara, na bibi wa pande zote mbili wanayajua kuliko wewe. Kama hajawahi kupimwa sikoseli, apimwe, kwa kuwa daktari wa nusukaputi (dawa ya usingizi wa upasuaji) humwandaa mtoto mwenye sikoseli kwa njia tofauti kabisa. Mtajie pumu, mzio, dawa zote pamoja na za asili, ndugu aliyepata matatizo kwenye nusukaputi, na jino linalocheza. La jino watu hucheka, lakini umri wa upasuaji huu ndio umri wa kung'oka meno, na jino linaweza kudondokea kwenye njia ya hewa. Akipata homa au kikohozi kizito siku chache kabla, piga simu hospitali. Kuahirisha wiki mbili tatu ni nafuu.

Chagua tarehe kwa kuangalia siku 14 zinazofuata. Wazazi wengi hupanga likizo ya Desemba, jambo zuri kwa shule, kisha siku ya nne wanapanda basi kwenda kijijini kwa sikukuu. Hapana. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za mwanzo, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, wakati utando wa kidonda unapobanduka. Mtoto awe karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Uliza pia kama atalazwa: aliye chini ya miaka 3, mwenye kukatika sana pumzi, mwenye uzito mkubwa au mwenye ugonjwa wa Down anahitaji kuangaliwa usiku wa kwanza wodini. Na bima iulizwe mapema inataka kibali gani, isije ikawa mnagombana na dirisha la malipo mtoto akiwa na njaa.

Njaa hiyo ina saa zake: chakula, uji na maziwa ya kopo saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2, isipokuwa hospitali yako ikisema vingine. Mwambie kila mtu nyumbani. Kikombe cha uji alichopewa kwa huruma alfajiri kinaweza kuingia kwenye mapafu akiwa amelala, na ukigundulika upasuaji unaahirishwa.

Nyumbani, muhimu ni kunywa. Mtoto asiyekunywa koo linakauka, maumivu yanazidi, naye anazidi kukataa. Maji, juisi isiyo chachu, uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, hata aiskrimu. Parasetamoli mpe kwa saa zilizopangwa, usingoje alie. Mwombe daktari akuandikie dozi kwa mililita za chupa uliyonayo mkononi, maana sirapu zina nguvu tofauti. Kodeini na aspirini asipewe. Maumivu huongezeka tena kati ya siku ya 5 na ya 7, sikio nalo linauma bila kuwa na ugonjwa, koo linafunikwa na utando mweupe, na mdomo unanuka. Yote hayo ni ya kawaida. Damu mbichi, hata ikiwa kijiko, si ya kawaida. Mkalishe ameinamia mbele, ateme asimeze, muende hospitali papo hapo. Akiwa amelala anamezameza bila kukoma, muamshe umtazame koo. Namba ya dereva wa usiku uwe nayo tayari.

Shuleni arudi baada ya wiki moja hadi mbili. Sauti itabadilika, na maji aliyokunywa yanaweza kumtokea puani kwa siku kadhaa; yakiendelea zaidi ya wiki chache, au maneno yakitokea puani, rudi kwa aliyempasua.